Juu ya mgonjwa aliyepona na sababu isijulikane



Katika somo la leo tutasema juu ya ugonjwa mmoja ambao wengi wenu hamjausikia, na juu ya jambo la ajabu linalotokea mara nyingi katika ugonjwa huo: mgonjwa hupona, wala hakuna ajuaye sababu. Mtatuuliza: Je, hayo ni maneno ya mafundisho ya dini? Si kazi ya madaktari? Ngojeni kidogo. Mtu akipona pasipo sababu, kijiji kizima hutafuta sababu. Na katika kuitafuta, mtu asiye na kosa aweza kufukuzwa nyumbani mwake.

Tuweke mbele ya macho yetu mtu mmoja. Hatutaji jina lake wala kijiji chake, maana ni mfano tu tunaotoa ili mfahamu vizuri. Ni baba wa watoto wanne, mkulima, tena mvuvi. Asubuhi moja anatoka nje kujisaidia, naye aona mkojo wake ni mweupe kama maziwa. Hana maumivu, ila kiuno kinamwuma kidogo. Anashangaa, lakini ananyamaza, kwa kuwa mambo ya namna hiyo mwanamume hasemi upesi, hata kwa mke wake. Kesho yake mkojo ni safi, naye afurahi. Siku ya tatu ni mweupe tena, na ndani yake mna vipande vizito kama maziwa yaliyoganda. Siku nyingine una wekundu wa damu. Miezi inapita. Nguo zinamlegea, mabega yanakonda, na jembe lililokuwa jepesi mkononi limekuwa mzigo. Ndipo anamwambia mke wake. Mke anamwambia shemeji yake. Na kabla ya jua kuchwa ukoo wote umekwisha kujua.

Nani amemtendea hivi? Hilo ndilo swali la kwanza. Maziwa ni kitu cha mwanamke, wanasema wazee, kwa hiyo mwanamke ndiye aliyemroga. Wanamkumbuka shangazi wa baba yake, bibi mjane anayekaa peke yake mwisho wa kijiji, ambaye mwaka uliopita aligombana naye kwa ajili ya shamba la mihogo. Wanakwenda kwa mfumu. Mfumu anapokea kuku na fedha, anapiga ramli, anamtaja yule bibi. Kisha anampa mgonjwa mizizi ya kuchemsha na hirizi ya kufunga kiunoni. Anamkataza pia mawese na nyama yenye mafuta.

Sasa sikilizeni vizuri. Baada ya majuma matatu mkojo wa mtu yule ni safi kama maji ya chemchemi. Mwezi unapita, ni safi. Anaanza kunenepa. Watu wanasema: Mnaona? Mfumu hakusema uongo. Na bibi yule, ambaye hapo kwanza watu walimshuku tu, sasa amehukumiwa. Watoto hawapiti tena mlangoni pake. Akienda kuteka maji, wanawake wengine wanaondoka.

Lakini jambo halikuishia hapo. Katika majuma yale yale, Wakristu wa mtaa walikuwa wakisali novena kwa ajili ya mgonjwa, na mama mmoja alikuwa amempelekea maji ya baraka. Nao wanasema: Si mfumu aliyemponya! Ni novena yetu. Huu ni mwujiza. Basi pande mbili zinashindana juu ya mkojo wa mtu mmoja, na kila upande una ushahidi ule ule: alikuwa mgonjwa, tukafanya jambo fulani, amepona.

Tutawajibu pande zote mbili. Lakini hatuwezi kuwajibu kabla ya kuujua ugonjwa wenyewe.

Madaktari huuita kiluria. Ili kuufahamu, jueni kwanza kwamba katika mwili wa mtu, mbali na mishipa ya damu, kuna mishipa mingine myembamba sana, kama vijito vidogo vidogo. Kazi yake ni kukusanya maji yaliyobaki katika nyama ya mwili na kuyarudisha katika damu. Maji hayo huitwa limfu. Vijito vinavyotoka matumboni vina kazi moja zaidi, nayo ni kuchukua mafuta ya chakula. Mtu akila bukari kwa sombe iliyopikwa kwa mawese, au kwa karanga, au kwa samaki wa kukaanga, mafuta yanayeyushwa ndani ya matumbo, kisha yanaingia katika vijito hivyo, na maji yake yanakuwa meupe kama maziwa. Vijito vyote hukutana katika mfereji mmoja mbele ya uti wa mgongo; mfereji huo unapanda kifuani, na karibu na shingo, upande wa kushoto, unamimina yote katika mshipa mkubwa wa damu. Basi kila mmoja wetu, mwanamume kwa mwanamke, mzee kwa mtoto, ana maji meupe ndani yake kila anapokwisha kula chakula chenye mafuta. Ni chakula kinachosafiri kwenda katika damu, na njia yake ni hiyo.

Ubaya ni maji hayo kupotea njia. Mara nyingi anayeiharibu njia ni mdudu mwembamba kama uzi, aitwaye filaria, ambaye mbu humpanda katika mwili wa mtu. Jike lake hufika urefu wa karibu sentimeta 10, na huishi miaka mingi ndani ya vijito vya limfu. Vijito vinapanuka, vinalegea, vinaziba. Kwa watu wengine mguu unavimba, ndiyo matende. Kwa wanaume wengine mfuko wa mapumbu unajaa maji, ndiyo mabusha. Magonjwa haya mawili mnayajua. Lakini kwa watu wachache kinachoharibika ni kijito kilicho karibu na figo. Mmepata kuona mfereji wa shamba uliozibwa kwa chini? Maji hayasimami. Yanapanda, yanabomoa ukingo mahali palipo dhaifu, yanaingia katika shamba la jirani. Ndivyo ilivyo hapa: maji meupe ya chakula yanabomoa ukingo na kuingia katika njia ya mkojo. Ndiyo maana mgonjwa anakonda ingawa anakula, kwa kuwa mafuta na nguvu ya chakula chake vinamwagika chini kila anapojisaidia. Na ndiyo maana mkojo huwa mweupe zaidi baada ya chakula chenye mafuta mengi.

Si kila kiluria hutoka kwa filaria. Mara chache hutokana na jeraha, au na upasuaji, au na kasoro ambayo mtu amezaliwa nayo. Madaktari wameuona ugonjwa huu hasa katika nchi za India na China, na zamani Japani. Katika Afrika umeandikwa mara chache zaidi, ijapokuwa mdudu wa filaria yuko katika sehemu nyingi za Kongo yetu.

Tunapenda kuwasimulia namna siri hii ilivyofunuliwa, kwa kuwa ilianza na mkojo mweupe. Katika mji wa Bahia, nchini Brazili, alikuwako daktari aitwaye Otto Wucherer, mzaliwa wa Ureno, wa ukoo wa Kijerumani. Tarehe 4 Agosti 1866 aliutazama kwa hadubini mkojo wa mwanamke mgonjwa, mkojo mweupe wenye damu. Alikuwa akitafuta mayai ya mdudu wa bilharzia. Hakuyaona. Badala yake aliona vijidudu vyembamba kama nyuzi, asivyovitazamia wala kuvijua. Mwaka 1872, mjini Calcutta, nchini India, daktari wa jeshi la Uingereza aitwaye Timothy Lewis aliona vijidudu vile vile katika damu ya watu. Mwaka 1876 Joseph Bancroft, mjini Brisbane, nchini Australia, alimpata mdudu mzima mwenyewe. Na mwaka 1877 Patrick Manson, Mskoti aliyefanya kazi katika mji wa Amoy nchini China, aliwaacha mbu wamwume mtu mwenye filaria, akawapasua mbu wale, akaona vijidudu vinakua ndani yao.

Lakini Manson alikosea katika jambo moja. Alifikiri ya kwamba mbu hufa majini, na mtu hupata ugonjwa kwa kunywa maji hayo. Kosa hilo lilidumu zaidi ya miaka 20, hata mwaka 1900 George Low, mjini London, alipoona kijidudu ndani ya mdomo wa mbu, tayari kutoka anapouma. Hatumcheki Manson. Tunalitaja kosa lake ili mwone jinsi watu wenye elimu wanavyofanya kazi: mmoja husema, mwingine hupima, na neno lisilothibitika huachwa, hata kama limesemwa na mkubwa. Je, mmepata kumwona mfumu aliyerudi baada ya mwaka na kusema: nilimtaja mtu asiyehusika, nirudishieni kuku wenu?

Jambo jingine lililoonekana ni kwamba watoto wa filaria, kwa kawaida, huingia kwa wingi katika damu ya ngozi wakati wa usiku, mbu wanapouma. Kwa sababu hiyo mwuguzi huja mara nyingine usiku kuchukua tone la damu kidoleni. Tunawaomba msimwogope. Haji usiku kwa mambo ya giza. Anakuja saa ambayo mdudu huonekana.

Sasa tumefika penye moyo wa somo letu. Ugonjwa huu una tabia ya kuja na kuondoka. Kwa wagonjwa wengi, nao madaktari husema karibu nusu yao, mkojo huwa safi wenyewe, pasipo kupasuliwa na pasipo dawa. Kwa wengine hukaa safi siku chache, kwa wengine miaka, kwa wengine haurudi tena. Kwa nini? Yawezekana kitundu kilichotoboka ni kidogo nacho kimejifunga. Yawezekana vijito vingine vimepanuka na kuyapokea yale maji, hata ukingo ukapumzika. Yawezekana mgonjwa amelala kitandani na kula mafuta kidogo, ukali wa maji ukapungua. Lakini kwa mgonjwa huyu mmoja, aliyelala katika nyumba hii, daktari mwaminifu atasema: amepona, nami sijui ni kwa njia gani. Neno hilo halimwaibishi daktari. Ni kusema kweli.

Rudini sasa kwa mfumu wetu. Mtu wetu alimwendea siku gani? Hakwenda siku mkojo ulipokuwa safi. Alikwenda siku ugonjwa ulipokuwa mkali kabisa, amekwisha kukonda, moyo umevunjika. Ugonjwa unaopanda na kushuka, ukifika juu kabisa, njia yake iliyobaki ni kushuka. Mtu anayefunga hirizi siku ya mvua kubwa ataona kesho yake mvua imepungua, naye atasifu hirizi. Zaidi ya hayo, mfumu alimkataza mawese na nyama yenye mafuta. Katazo hilo laweza kuwa lilimsaidia kweli, maana hata hospitalini mgonjwa wa kiluria huambiwa apunguze mafuta na apumzike. Hatuogopi kulikubali jambo hilo. Lakini katazo la mawese halikuhitaji jina la yule bibi. Mawese yangeachwa, na mkojo ungetakata, hata kama bibi asingetajwa kamwe.

Tena fikirini jambo hili: kama karibu nusu ya wagonjwa hupona wenyewe, basi mfumu akiwapokea kumi, watano hivi watatembea mitaani wakimsifu. Wale wengine ambao hawakupona, nani huwasikia? Wengine wametafutiwa mchawi wa pili, na wa tatu. Hivyo mfumu hashindwi kamwe: mgonjwa akipona, dawa ni kali, asipopona, mchawi ni mkali zaidi. Na kila mara kuna bibi mmoja, au mtoto yatima mmoja, anayebeba mzigo.

Pengine ndugu zetu wa novena wamefurahi kusikia hayo. Wasifurahi upesi. Kama tunampima mfumu kwa kipimo hiki, yatupasa kujipima nasi kwa kipimo hicho hicho. Ama sivyo tunafanana na mchuuzi mwenye mizani mbili, moja ya kununulia na moja ya kuuzia.

Swali: Je, mtu huyu amepona kwa mwujiza?

Jibu: Eklezia isingesema hivyo.

Mtashangaa, lakini ndivyo ilivyo. Prospero Lambertini, aliyefanywa Papa mwaka 1740 akaitwa Benedikto wa 14, aliandika kati ya mwaka 1734 na 1738 kitabu kikubwa juu ya namna ya kuwatangaza watakatifu, na humo aliweka masharti ya kupima uponyaji. Ugonjwa uwe mkubwa, tena mgumu au usioweza kupona. Usiwe umefika wakati wake wa kuisha wenyewe. Kusiwe na dawa iliyoweza kuleta uponyaji. Uponyaji uwe wa ghafula, uwe kamili, na ugonjwa usirudi. Basi uwekeni ugonjwa wetu mbele ya masharti haya. Huu ni ugonjwa ambao mara nyingi huisha wenyewe: umeanguka mlangoni. Ulitakata katika majuma matatu, si kwa ghafula. Mgonjwa aliacha mafuta, akanywa mizizi. Na nani awezaye kuapa kwamba hautarudi baada ya miaka mitano?

Hata leo Eklezia huenda polepole. Roma, katika mambo ya watakatifu, uponyaji hupelekwa kwanza mbele ya baraza la madaktari, na kwa sheria ya mwaka 2016, katika baraza la watu saba watano wakubaliane. Nao hawaulizwi kama kuna mwujiza. Wanaulizwa tu kama elimu ya uganga ya wakati huu yaweza kuueleza uponyaji ule. Hata wakijibu kwamba haiwezi, kazi haijaisha. Wanateolojia hulitazama jambo, halafu makardinali na maaskofu, na mwisho Papa mwenyewe. Angalieni tofauti hiyo, ndugu zetu. Kusema “hatujui sababu” ni neno moja. Kusema “ni mwujiza” ni neno la pili, na kati ya maneno hayo mawili kuna safari ndefu. Na kusema “ni uchawi” ni neno la tatu, ambalo halina safari yoyote, kwa kuwa wanaolisema hawapimi kitu.

Mmesikia habari za Lourdes, katika Ufaransa, ambako Bernadeta Soubirous alimwona Bikira Maria mwaka 1858. Tangu mwaka 1883 pana ofisi ya madaktari mahali pale, nayo huwapokea wote wanaosema kwamba wamepona. Watu zaidi ya 7,000 wameandikwa kwamba wamepona huko. Je, ni wangapi ambao maaskofu walikubali kwamba walipona kwa mwujiza? Hata mwaka 2018 walikuwa 70 tu. Sabini katika elfu saba! Wale wengine hawakuitwa waongo. Waliambiwa: furahini, mshukuruni Mungu, lakini hatuwezi kutangaza. Na Bernadeta mwenyewe, aliyechimba kwa mkono wake mahali chemchemi ilipobubujika, alikuwa mgonjwa karibu maisha yake yote, akafa kwa kifua kikuu mwaka 1879, akiwa na umri wa miaka 35. Hakuna aliyesema kwamba hakusali.

Tena jambo hili si jipya. Mnakumbuka katika Injili wale wenye ukoma kumi. Bwana wetu aliwaamuru waende kwa makuhani wakajionyeshe. Kwa nini? Kwa sababu katika sheria ya Musa kuhani ndiye aliyemkagua mtu mwenye alama ya ukoma: alimtazama, akamtenga siku saba, akamtazama tena, naye akiwa na shaka alimtenga siku saba nyingine. Kila mara tunaposoma habari ile tunamsifu yule mmoja aliyerudi kushukuru, nasi twafanya vema. Lakini mara chache tunakumbuka kwamba Bwana wetu mwenyewe aliwapeleka wakakaguliwe.

Swali: Basi tulisali bure?

Jibu: Hapana. Mliomba apone, naye amepona. Mungu ndiye aliyeufanya mwili wa mtu hata ukingo uliobomoka uweze kujijenga tena gizani, pasipo mkono wa fundi. Mshukuruni kwa hayo. Jambo tunalowakataza ni kufanya uponyaji huo kuwa ngoma ya kuwashindia wengine. Maana ugonjwa ukirudi mwakani, na katika kiluria mara nyingi hurudi, mtasema nini? Kwamba novena imechakaa? Tumeona kwamba imani iliyosimikwa juu ya mkojo safi huanguka siku mkojo unapochafuka, na mtu yule yule aliyepiga kelele za mwujiza ndiye wa kwanza kurudi usiku kwa mfumu.

Sasa maneno machache kwa mwenye ugonjwa huu, kama yuko mmoja kati yenu anayetusikiliza kimya. Usione haya. Chukua chupa safi isiyo na rangi, utie mkojo wako ndani, uende nayo dispensari. Mkojo wa kiluria ukiachwa utulie hujitenga: mafuta huelea juu, vipande vilivyoganda hukaa katikati, mashapo hushuka chini. Hata hivyo usijipime mwenyewe ukaishia hapo, kwa sababu mkojo waweza kuwa mweupe kwa usaha, au kwa chumvi za mwili, na damu yaweza kuwa alama ya bilharzia au ya ugonjwa mwingine mbaya. Hospitalini wana njia ya kutambua mafuta katika mkojo. Vipande vikiziba njia, mkojo ukakataa kutoka, usingoje kesho. Madaktari wana dawa za filaria. Na ugonjwa usipotulia kwa chakula na mapumziko, wanaweza kupitisha mpira mwembamba hata kwenye figo na kutia dawa inayoziba vitundu, au kupasua na kuvifunga vijito vilivyoharibika. Na dawa wanazogawa vijijini juu ya filaria, zimezeni kama mlivyoagizwa. Ila mwenye mdudu yule anayepita katika jicho, aitwaye loa, amwambie mgawaji kwanza, maana mojawapo ya dawa hizo yaweza kumletea hatari. Chandarua ni kwa kila mtu.

Na wewe uliyepona, usitupe ile chupa. Baada ya mwezi tazama tena, na baada ya miezi mitatu, na kila utakapoona kiuno kinauma. Unaona kwamba hapo hatusemi kama watu wasio na imani. Tunasema kama yule kuhani wa zamani na siku zake saba.

Limebaki jambo la yule bibi.

Katika mfano wetu, mgonjwa amepona, mfumu ameshiba, wana-novena wamefurahi, na bibi amekaa peke yake. Hakuna hata mmoja aliyekwenda kwake. Ndugu zetu, kama katika kijiji chenu kuna mtu aliyetajwa kwa namna hii, haitoshi kuacha kumsema. Jina lilitupwa mbele ya watu, lazima liokotwe mbele ya watu. Aliyekuwa mgonjwa ndiye aende kwanza, maana uponyaji wake ndio uliofanywa ushahidi. Aende mchana, njia kuu, pamoja na mke wake na watoto wake, asipite nyuma ya nyumba. Abebe chumvi au samaki, kama desturi ya kwao ilivyo. Aseme: Bibi, tulikutaja kwa ugonjwa ambao hukuuleta na ambao hukuuondoa, unisamehe. Shamba la mihogo wataliamua wazee, kila jambo kwa wakati wake.

Na Jumapili, kama Padri amefika kwa Misa na mtu huyu anataka kutoa shukrani mbele ya Wakristu, katekista asimwandikie maneno makubwa. Maneno yake yawe mafupi: Nilikuwa mgonjwa. Mlinisalia, na Mungu amenihurumia. Daktari hajui kwa nini nimepona, nami sijui. Ameniambia nirudi mwezi wa sita anitazame tena. Bibi yetu yuko hapa, ameketi pamoja na mama wa watoto wangu.